Fundi wa Michezo ya Simu Naye Apate Jasho Lake

Liko swali ambalo wazazi na wafanyakazi wengi wa Dodoma hawajalisikia likijadiliwa katika mkutano wowote, ingawa lawahusu watoto wao wenyewe. Swali hilo ni hili: kijana anayechukua mchezo wa kompyuta au wa simu uliotengenezwa na kampuni ya ng'ambo, akautilia vitu vipya alivyovibuni kwa akili na mikono yake, je, ana haki ya kuviuza vitu hivyo? Au sharti avigawe bure kwa kuwa mchezo wenyewe si mali yake?

Huenda wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kitoto, na kwamba ukurasa huu una mambo mazito zaidi ya kushughulikia, kama vile bei ya zabibu, maji na mishahara. Sisi hatukubaliani nao. Palipo na kazi pana swali la haki, nalo swali hilo halipungui uzito kwa sababu mfanya kazi ana umri wa miaka kumi na tisa na chombo chake ni kompyuta badala ya jembe. Tena katika mji huu, ambao ndio makao makuu ya nchi, sheria hutungwa hapa hapa Bungeni, na hapa hapa kiko Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho kina ndaki nzima ya sayansi za kompyuta. Haifai watu wa mahali kama hapa kulikwepa jambo hili.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu asichokijua.

Mmoja wa michezo inayopendwa na vijana wa Afrika Mashariki ni Bus Simulator Indonesia, ambao kampuni ya Maleo ya nchini Indonesia iliutoa mwaka 2017. Vijana huuita kwa kifupi BUSSID. Mchezaji huwa dereva wa basi: huchukua abiria kituoni, hushika njia, na hufikisha watu waendako. Mchezo huo ulikuja na mabasi na miji ya Indonesia, nao haukuwatazamia watu wa Dodoma wala wa Singida. Lakini wenye mchezo waliacha mlango wazi. Mchezaji aweza kulichora basi kwa rangi na maandishi ayatakayo, na aweza kuingiza gari jingine kabisa alilolijenga yeye mwenyewe. Kwa mlango huo vijana wa Tanzania na wa Kenya wameingiza mabasi ya kwao, yale yale tunayoyaona yakipita Kibaigwa na Gairo kuelekea Dar es Salaam. Na kwa kuwa Indonesia huendesha magari upande wa kushoto kama sisi, basi letu likiingia katika barabara za kisiwa cha Java halionekani limepotea njia.

Kitu hicho kinachoongezwa katika mchezo vijana hukiita modi. Asidhani mtu kwamba kuunda modi ni kubonyeza kitufe tu. Fundi hukusanya picha za basi za mbele, za nyuma, za ubavuni na za ndani. Hupima uwiano wa kila sehemu. Kisha hulijenga basi upya katika programu kama Blender, ambayo hutolewa bure, bapa kwa bapa hadi umbo litimie. Hulivisha rangi, huliwekea vioo, usukani, viti na taa, na huyatenga magurudumu ili yaweze kuzunguka. Bapa zikizidi, simu ya bei ndogo hushindwa kulibeba basi hilo. Zikipungua mno, basi huonekana kama sanduku. Kupata kadiri iliyo sawa ndio ufundi wenyewe, nao haujifunzwi kwa siku moja. Mwisho hulifunga katika faili ambalo mchezo waweza kulisoma, hulijaribu, hulikuta na kasoro, hurudi kulitengeneza, na hulijaribu tena.

Kazi ikiisha, wengine huigawa bure kwa marafiki. Wengine hulifunga faili kwa neno la siri, na anayelitaka hutuma fedha kwa simu ndipo apewe neno hilo. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mnunuzi hulalamika kwamba anatozwa fedha kwa kitu cha kuchezea. Fundi hulalamika kwamba kazi yake ya majuma mengi imefunguliwa na kusambazwa bure kwa siku moja. Na mtu wa tatu huwaambia wote wawili kwamba mchezo ni mali ya kampuni, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kuuza kitu.

Maoni yetu ni haya: fundi wa modi aruhusiwe kuuza kazi yake, lakini auze kilicho chake, kwa idhini ya mwenye mchezo, na bila kumnyang'anya mwenzake. Asilazimishwe kugawa bure wala asilazimishwe kuuza. Tutaeleza sababu zetu, na hatutaficha hoja za wanaopinga, kwa sababu baadhi ya hoja hizo zina nguvu.

Hoja ya kwanza yao ni kwamba mchezo si mali ya fundi. Hiyo ni kweli. Lakini na tuulize: dereva wa basi la abiria, je, basi ni lake? Si lake. Mbona hakuna amwambiaye aendeshe bure kwa sababu basi ni la tajiri? Mfanyakazi wa kiwandani hana kiwanda, seremala wa kuajiriwa hana karakana, na mpishi wa hoteli hana hoteli. Lakini kila mmoja wao ana jasho lake, na jasho hilo lina bei. Kutokuwa na chombo hakumfanyi mtu kuwa mtumwa wa mwenye chombo. Huo ndio msingi ambao wafanyakazi wa nchi hii wameusimamia tangu zamani za vyama vyao vya kwanza, nao haubadiliki kwa kuwa kazi imehamia ndani ya simu.

Hata hivyo, mfano wa dereva una upande wa pili, na ni haki tuuseme. Dereva huendesha basi kwa idhini ya mwenye basi. Akilitoa usiku bila ruhusa, akapakia abiria na kuwatoza nauli, fedha hiyo si halali, hata kama amechoka kweli kweli na amewafikisha salama. Jasho peke yake halitoshi. Sharti liambatane na ruhusa. Kwa hiyo anayesema kwamba kazi ya fundi si kitu, amekosea. Na fundi anayesema kwamba maadamu amefanya kazi basi hahitaji kumwuliza mtu, naye amekosea vile vile.

Sheria ya nchi yetu yasema hivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, yalinda programu za kompyuta pamoja na vitabu, nyimbo, picha na filamu, nayo humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyo yatambua pia kazi zinazotokana na kazi nyingine, kama vile tafsiri na marekebisho: kazi hizo nazo hulindwa kama kazi kamili, bila kuipunguzia haki kazi ya kwanza. Maana yake ni nyepesi. Basi alilolijenga fundi kwa mkono wake lina ulinzi wake, na mchezo alioutilia basi hilo una ulinzi wake. Haki mbili zakaa katika chombo kimoja, na kila mmoja hana budi kumheshimu mwenziwe.

Watu wa nyanda hizi za kati hawana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa katika kijiji cha Doduma mkoani Dodoma na kufariki Desemba mwaka 2003, hakuivumbua ilimba. Aliirithi kwa wazee wa Kigogo. Lakini aliikuza, akaunda zilizo kubwa zenye vyuma vingi kuliko zile za zamani, akapata sauti ambazo wazee hawakuwa nazo, akaupeleka muziki huo hadi Uingereza, ambako kampuni ya Real World ilitoa santuri yake Chibite mwaka 1996. Je, yuko Mgogo aliyesema kwamba Zawose asilipwe kwa sababu ilimba si yake? Hatujamsikia. Kadhalika mchonga bao: mchezo wa bao hauna mwenyewe, wala hakuna amjuaye mtu aliyeubuni; lakini ubao uliochongwa vizuri huuzwa, na mnunuzi hatoi fedha kwa ajili ya mchezo, hutoa kwa ajili ya mti na mkono wa fundi.

Bila shaka kuna tofauti. Ilimba na bao ni urithi wa watu wote, bali BUSSID ina kampuni yake. Lakini hata urithi huo sheria haikuuacha bila mlinzi: yule anayetaka kuutumia kwa biashara nje ya desturi zake hutakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Basi kijana anayetaka kutia ngoma za Kigogo katika modi yake ya kuuza na akumbuke kwamba hapo pia pana wenyewe. Tusiipende sheria inapotulinda na kuichukia inapotubana.

Hoja ya pili ya wanaopinga ni nzito zaidi. Wasema kwamba ufundi huu ulikua kwa kugawana. Mmoja alijenga gurudumu, akampa mwenziwe. Mwenziwe akajenga taa, akampa wa tatu. Na wote wakajifunza. Fedha ikiingia, wasema, undugu utatoka, na kila mmoja atakificha alichonacho.

Wanaosema hivyo wana ushahidi. Tarehe 23 Aprili mwaka 2015 kampuni mbili za Marekani, Valve na Bethesda, zilifungua soko la kuuza modi za mchezo uitwao Skyrim, ambao ulikuwa umetoka mwaka 2011 na ambao kwa miaka yote hiyo mafundi walikuwa wakigawana kazi zao bure. Ghasia ilizuka. Watu zaidi ya 130,000 walitia saini ombi la kupinga. Modi moja ya uvuvi, iliyokuwa miongoni mwa zile za kwanza kuuzwa, iliondolewa mara, kwa kuwa ilitegemea kazi ya fundi mwingine ambaye mambo ya kuuza hayakumpendeza. Tarehe 27 Aprili, yaani baada ya siku nne tu, soko lilifungwa na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao.

Wapinzani husema: mmeona, fedha iliharibu undugu. Sisi twaliona jambo hilo kwa namna nyingine. Soko lile halikuanguka kwa sababu fundi kulipwa ni dhambi. Lilianguka kwa sababu lilijengwa vibaya. Lilikuja ghafla, bila mafundi kwa wingi wao kushauriwa. Halikuwa na utaratibu imara wa kuhakikisha kwamba muuzaji anauza cha kwake. Na mgawo wake ulikuwa hivi: katika kila shilingi 100 aliyotoa mnunuzi, mwenye duka, yaani Valve, alichukua 30, mwenye mchezo, yaani Bethesda, alichukua 45, na fundi aliyeifanya kazi alipata 25.

Twawaomba wasomaji wazitazame hesabu hizo kwa macho ya mfanyakazi. Mwenye mchezo alikwisha kulipwa mara ya kwanza mnunuzi aliponunua mchezo. Modi hakuijenga yeye. Lakini katika mauzo ya modi alichukua karibu mara mbili ya fungu la aliyeijenga. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au wa Mpunguzi hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Huvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu zikiiva hazimngoji mtu. Na asipokuwa na ghala wala umoja wa kumsemea, bei hutajwa na mnunuzi. Kosa si kwamba zabibu zinauzwa. Kosa ni kwamba mwenye jasho huketi mwisho wakati wa kugawa.

Tena historia haikuishia mwaka 2015. Mwaka 2017 Bethesda ilianzisha utaratibu mwingine, ambao mafundi hupewa kazi na kulipwa. Na Desemba mwaka 2023 ilifungua tena mlango ili mafundi waliothibitishwa waweze kuuza kazi zao za Skyrim. Wakati huo wote maelfu ya modi za bure yameendelea kuwapo. Basi hofu kwamba kuuza kutaua kugawa haikuthibitika. Mwenye kupenda kutoa bado hutoa. Twamsifu, wala hatutaki azuiwe. Lakini ukarimu ni wa mwenye mali. Anayemshurutisha mwenziwe kuwa mkarimu kwa mali yake, huyo si mkarimu, ni mnyang'anyi mwenye maneno matamu. Wazee walisema mtumai cha nduguye hufa maskini.

Na tutazame pia faida ya kumheshimu fundi. Mwaka 1999 Minh Le, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada, na mwenziwe Jess Cliffe walitengeneza modi ya mchezo wa Half-Life wa kampuni ya Valve, wakaiita Counter-Strike. Iligawiwa bure, ikapendwa kuliko ilivyotazamiwa. Valve ingaliweza kuwafukuza kwa kusema kwamba wamecheza na mali yake. Badala yake, mwaka 2000 iliinunua modi hiyo na kuitoa kama mchezo wa kuuzwa, na mafundi wale wakapata kazi. Leo Counter-Strike ni miongoni mwa michezo mikubwa duniani. Mwenye mchezo alipata, fundi alipata, na mchezaji alipata.

Lakini uko mfano wa kinyume. Katika mchezo wa Warcraft III wa kampuni ya Blizzard wachezaji walibuni mchezo mpya ulioitwa Dota, ambao baadaye ulizaa Dota 2, uliotolewa na Valve mwaka 2013. Blizzard iliona utajiri umepita mlangoni kwake na kwenda kwa jirani. Mwaka 2020 ilipotoa upya Warcraft III, iliweka sharti kwamba michezo yote watakayoibuni wachezaji ndani yake itakuwa mali ya Blizzard. Hiyo ni sawa na mwenye shamba amwambiaye mpangaji: lima, panda, palilia na vuna, lakini hata mbegu uliyokuja nayo kutoka kwenu ni yangu. Vijana wetu na wajue kwamba masharti ya namna hiyo yapo, na kwamba wao huyakubali kila mara wanapobonyeza neno la kukubali bila kusoma.

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, maana si vema kupiga kelele juu ya makampuni ya mbali huku nyumbani kwetu pana taka.

Kwanza, wako miongoni mwa vijana wetu wanaochukua basi lililojengwa na mwingine, hulibadili rangi, huliandika jina jipya, na huliuza kama lao. Huo ni wizi, hata ukifanywa na mtu maskini, hata aliyeibiwa akiwa mgeni wa Indonesia au Kenya asiyejulikana. Hatuwezi kudai jasho letu huku tukila jasho la wengine.

Pili, mabasi yanayochorwa yana majina na alama za makampuni ya kweli. Alama iliyoandikishwa hulindwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na uandikishaji wake husimamiwa na BRELA. Kijana aliyechora basi la kampuni kwa mapenzi yake na kulichezea na rafikize hatudhani kwamba kuna mwenye basi atakayemkasirikia. Huenda hata akafurahi, kwa maana ni tangazo asilolilipia. Lakini kijana akianza kuliuza, mambo hubadilika, kwa kuwa sasa jina la mtu mwingine ndilo linalovuta wateja. Dawa yake ni rahisi: amwendee mwenye basi, aombe ruhusa kwa maandishi. Na wenye mabasi nao wasiwe wagumu. Kijana anayelipenda basi lako kiasi cha kulijenga upya nukta kwa nukta si adui yako.

Tatu, tusichanganye modi na michezo iliyovunjwa kufuli. Yuko fundi anayeongeza kitu kipya katika mchezo, na yuko mtu anayechukua mchezo wa kulipiwa, akauondolea malipo, akauuza kwa bei ya chini au kuugawa. Wa kwanza ni mjenzi. Wa pili ni mvunja nyumba. Twasikitika kwamba wengi huwaita wote wawili kwa jina moja, na sifa mbaya ya wa pili humwangukia wa kwanza.

Nne, kuna mnunuzi, ambaye mara nyingi ni mtoto. Hutuma fedha ya mzazi kwa simu kwa mtu asiyemjua, na huenda asipate kitu, au akapata faili lenye kirusi. Palipo na biashara sharti pawe na dhamana. Muuzaji ajulikane kwa jina, aoneshe kazi yake kabla ya kupokea fedha, na airudishe fedha ikiwa modi haifanyi kazi. Wazazi nao wasiwape watoto namba ya siri ya simu kisha wakashangaa salio limekwenda wapi.

Je, nini kifanyike? Kwa maoni yetu mambo ni haya.

Mafundi wa modi na waungane. Mmoja mmoja ni dhaifu mbele ya kampuni na mbele ya wezi. Wakiwa katika ushirika wao wanaweza kuweka daftari la nani ametengeneza nini na lini, kupatanisha wanaogombana, na kuandika barua moja kwa mwenye mchezo kuomba ruhusa ya wote. Pasipo ruhusa hiyo ya kuuza, wasijidanganye: ruhusa ya kuingiza gari katika mchezo si ruhusa ya kuliuza. Kila fundi asome masharti ya mchezo kabla ya kutaja bei. Na palipotumika kazi ya watu wawili au watatu, mgawo uandikwe kabla ya kuuza, wala si baada ya kugombana.

Ofisi ya Hakimiliki, inayojulikana kwa wengi kama COSOTA, imezoea wanamuziki, waandishi na wacheza filamu. Twaiomba iwafikie pia vijana hawa, iwaeleze kwa Kiswahili chepesi haki zao na mipaka yao, na iwawekee njia nafuu ya kuandikisha kazi za kompyuta. Mwanamuziki wa Tanzania aliteseka miaka mingi kwa kuibiwa kanda zake kabla ya mambo kuanza kutengenezwa. Si lazima kila kizazi cha wasanii kipitie mateso yale yale ndipo tujifunze.

Wakuu wa vyuo na shule nao wasiidharau kazi hii. Kijana aliyejifunza mwenyewe kujenga basi la bapa elfu kadhaa, likatembea katika simu ndogo, amekwisha kujifunza hesabu ya maumbo, uchoraji na uvumilivu. Huyo akiongozwa aweza kesho kuunda mchezo wake mwenyewe, wenye barabara ya kutoka Dodoma hadi Manyoni na Singida, mchezo ambao watu wa Indonesia watautilia modi zao na kutuomba ruhusa. Siku hiyo tutaitaka sana sheria hii ambayo leo wengine waiona kero. Na ni afadhali tuwe tumezoea kuifuata kabla haijafika zamu yetu ya kuidai.

Wenye michezo, popote walipo, nao tuna neno kwao. Modi huurefushia mchezo maisha. Mchezo wa mwaka 2011 ungalikwisha kusahauliwa na wengi kama si kazi ya mafundi hawa. Hivyo mafundi si ombaomba mlangoni, ni washirika. Masharti yaandikwe kwa lugha inayoeleweka, mgawo uwe wa haki, na fungu la aliyejenga lisiwe dogo kuliko la aliyekaa.

Wako watakaouliza kama fedha zenyewe ni nyingi kiasi cha kuandikiwa habari ndefu namna hii. Kwa wengi si nyingi. Shilingi chache kwa faili moja hazijengi nyumba. Lakini fedha chache zinazopatikana kwa haki humfundisha kijana jambo ambalo fedha nyingi za ujanja hazimfundishi: kwamba akili yake ina thamani, kwamba akili ya mwenziwe ina thamani vile vile, na kwamba mkataba ni bora kuliko manung'uniko. Wafanyakazi waliotutangulia katika reli, bandarini na mashambani waliyapata mafunzo hayo kwa taabu kubwa. Watoto wao hawapaswi kuyaanza upya.

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wazee, nao waliisema methali hiyo kwa masikitiko wala hawakuitunga iwe sheria. Aliyeunda vyungu vya mji mzima asikose chungu cha kwake. Basi kijana aliyejenga basi ambalo maelfu hulipanda kila jioni katika simu zao, akiwa ameheshimu mali ya mwenye mchezo na jasho la wenzake, na aliuze, na alipwe, wala mtu asimwonee haya.